Aya ya Tisa

Hakimu alisoma uamuzi wake kwa dakika kumi na mbili, na ndani ya dakika hizo Bernadina Mhina alichora vistari kumi na moja pembeni mwa daftari lake. Kila kistari kilikuwa neno "ulaghai" lililoandikwa kwenye hati ya madai. Miaka thelathini na miwili ya upelelezi wa polisi ilimfundisha kwamba mtu anayerudia neno moja mara nyingi kiasi hicho ama anaongopa, ama hana kingine cha kusema. Hapa lilikuwa hilo la pili, na aliyekosa cha kusema, bahati mbaya, alikuwa wakili wa upande wao.

"Aya ya tisa ina mstari mmoja," hakimu alisema, akavua miwani. "Inasema wadaiwa, yaani benki na bwana Sabiri, walimfanyia mdai ulaghai. Basi. Nani kati yao? Lini? Wapi? Kwa namna gani? Mahakama haipigi ramli, na benki haiwezi kujibu jambo ambalo halikuelezwa. Pingamizi la wadaiwa nalikubali. Hati ya madai inaondolewa mahakamani."

Watu wakasimama, hakimu akatoka. Kwenye benchi la mbele Bibi Mashavu, mwenye kesi yake, alibaki amekaa, mkoba mapajani.

"Ndiyo tumefukuzwa?" aliuliza.

Wakili Pinal akainama kumsaidia kuinuka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa Vinod mwenye duka la mabati na misumari pale Korogwe, na hii ilikuwa kesi yake ya kwanza dhidi ya benki. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Kosa ni langu, bibi," alisema walipofika kibarazani. "Nilikuwa na hasira na hao watu. Nikaandika hasira yangu badala ya kuandika kilichotokea."

"Na hasira haina tarehe, mwanangu," Bernadina alisema. "Sasa futa machozi unisikilize. Hakimu angeitupa kesi tungekuwa na msiba. Hakuitupa, kaiondoa. Ni kama mwalimu amekurudishia daftari, anataka ukaandike upya."

"Niandike lini, Mama Bernadina? Mnada ni Jumamosi saa nne asubuhi! Tangazo liko pale kwenye mlango wa ofisi ya kata, watu wanalisoma wakipita."

"Leo ni Jumatatu. Nani, lini, wapi, vipi. Maswali manne, siku nne. Nimewahi kupewa mengi zaidi kwa siku chache zaidi, tena kwa mshahara wa serikali."

Pinal akacheka bila kutaka. Ndiyo kazi aliyoifanya Bernadina tangu astaafu: mawakili wa Korogwe na Handeni walimpa maswali, yeye akawarudishia majibu, akitembea na pikipiki yake nyekundu na daftari la shule la kurasa themanini.

Jambo lenyewe halikuwa refu. Bibi Mashavu alikuwa na nyumba na ekari sita za mahindi na mihogo kule Misima, zenye hati kwa jina lake. Mwaka juzi Sabiri, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, mnunuzi wa mazao pale Mkata, alichukua mkopo benki, tawi la Korogwe, akashindwa kurudisha. Benki ilipotafuta cha kukamata ilitoa hati ya rehani. Hati ilisema kwamba tarehe kumi na nne Machi Bibi Mashavu alifika Korogwe mwenyewe, akasimama mbele ya kamishna wa viapo, akalitoa shamba lake kuwa dhamana, na chini yake kulikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Bibi alisema hajafika. Benki ilisema dole hilo hapo. Wataalamu wa kulinganisha alama za vidole waliomba miezi mitatu, na shamba lilikuwa na siku tano.

*

Jumanne asubuhi Bernadina alimkuta Bibi Mashavu uani kwake Misima, akigeuza makopa ya mihogo juani. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka unang'aa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa hapo kivulini. Hilo lipikipiki lako limewaamsha kuku wote."

Akaletewa uji wa mtama. Bernadina akaunywa wote kwanza, maana mtu hahojiwi na mgeni anayekataa uji wake. Kisha akafungua daftari.

"Tarehe kumi na nne Machi, mwaka juzi, ulikuwa wapi?"

"Aah! Na yule binti wa Kihindi aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia nilikuwa nyumbani. Mie tarehe za maofisini sizijui. Najua miezi ya Kiislamu na misimu ya mahindi."

"Haya, tuziache tarehe. Mumeo, Mzee Salimu, alifariki lini?"

Bibi akaacha makopa. "Ijumaa. Mwezi wa Rajabu. Aliamka akaswali, akasema kifua kinambana, jua halijapanda akawa ametutoka."

"Pole sana, bibi. Kibali cha mazishi unacho?"

Kilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na hati ya shamba na picha ya Mzee Salimu akiwa kijana mwenye kofia ya kiua. Bernadina akasoma kibali: tarehe tatu Februari. Akaanza kuhesabu kwa penseli. Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku ishirini na nane. Ukianza na siku ya kifo yenyewe, zilikuwa siku ishirini na sita za Februari. Ukiongeza kumi na nne za Machi...

Penseli ikasimama.

"Bibi, arobaini ya marehemu mliisoma?"

"Tuliisoma! Siku yenyewe, hatukuisogeza hata kidogo. Mwezi wa mlisho, kabla ya mfungo. Shehe alihesabu mwenyewe. Mbuzi wawili, masufuria matano ya pilau, watu mpaka barabarani."

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Bibi Mashavu akamtazama kama aliyeuliza jua linachomozea wapi. "Niwe wapi, na mimi niko edani?"

Bernadina alikuwa Mkatoliki wa Korogwe, lakini alikaa na majirani Waislamu maisha yake yote. Eda aliijua. Hata hivyo alimwomba bibi amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana hakimu angetaka kuyasikia kutoka kinywani mwake.

"Miezi minne na siku kumi," bibi alisema, akihesabu kwa vidole. "Unakaa nyumba aliyokufia mumeo. Unavaa nguo isiyo na pambo. Sisi huku tunavaa nyeupe, tangu siku ile ile. Hina hugusi. Udi hufukizi. Hata mafuta yenye harufu hupaki, utapaka ya nazi tu. Ukiugua unakwenda hospitali, dini haikufungi kamba. Lakini niende mjini kuweka shamba rehani, siku watu wamejaa wanamsomea mume wangu hitma? Ningepitia wapi? Mlangoni walikaa wanawake, pembeni yangu wamekaa wanawake, hata chooni nilisindikizwa."

"Wanawake hao utanitajia majina?"

"Lete karatasi kubwa."

Alitaja majina ishirini na matatu bila kupumzika. Bernadina akayaandika yote, akachora mstari chini yake.

"Sasa bibi, kwa nini hukumwambia wakili haya?"

"Hakuniuliza habari za arobaini. Aliniuliza tarehe."

Bernadina akacheka mpaka akashika ubavu. Pinal alizaliwa nyumba ya Kihindu na kusomea sheria Dar es Salaam. Angejuaje kuuliza? Na Bibi Mashavu, ambaye msahafu aliusoma wote lakini herufi za Kizungu hazikumwingia, angejuaje kwamba tarehe ya benki na arobaini ya mumewe ni siku moja?

"La mwisho. Sabiri alikuwepo kwenye hitma?"

Uso wa bibi ukabadilika. "Alikuja jioni, watu wameshakula wametawanyika. Amebeba gunia la mchele begani, jasho linamtiririka. Wali umekwisha ndiyo mchele unakuja! Lakini nilimwombea dua kwa gunia lile, mdogo wangu. Nilinyanyua mikono hii hapa nikamwombea."

*

Sabiri hakuwa mtu wa kujificha. Bernadina alimkuta Mkata mchana huo huo, mbele ya stoo yake kando ya barabara kuu, mizani inaning'inia, wapagazi wanapakia mahindi.

"Shikamoo, mama. Kiti kile pale. Soda ya baridi?"

"Marahaba. Maji tu. Nimetoka kwa mama yako mdogo."

"Maskini, mama mdogo," Sabiri alisema kwa huzuni iliyonyooka vizuri mno. "Tangu afiwe kumbukumbu imemtoka. Alikuja mwenyewe Korogwe, mama. Nilimpeleka, nikamrudisha. Nilimnunulia hata nguo siku hiyo. Ngoja nikuonyeshe."

Akaingia ndani, akatoka na faili. Alikuwa mfanyabiashara anayetunza karatasi, sifa hiyo Bernadina alimpa. Risiti ilikuwa ya duka la nguo la Rizwana, Korogwe, yenye muhuri, tarehe kumi na nne Machi. Kwenye bidhaa paliandikwa: nguo ya mwanamke.

"Muulize Rizwana. Alimwona kwa macho yake."

Bernadina akapiga picha risiti kwa simu. Risiti ilikuwa halisi. Kama mwenye duka angesema alimwona Bibi Mashavu siku hiyo, wanawake ishirini na watatu wa Misima wangeonekana wamepangwa.

"Na arobaini ya baba yako mdogo," aliuliza akirudisha simu mfukoni, "ilikuwa siku gani vile?"

Sabiri akageuka kumfokea mpagazi ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Aliporudi alikuwa na tabasamu.

"Iliposogezwa pale? Wiki hiyo hiyo, mama. Siku sikumbuki, biashara ilikuwa imechanganya."

"Ilisogezwa?"

"Ilisogezwa."

Bernadina akaliandika hilo kwenye ukurasa wake peke yake. Akashukuru kwa maji, akavaa kofia ngumu, akaondoka.

*

Rizwana alikuwa na duka la vitambaa Korogwe tangu mumewe yuko hai, na mtu hakutoka humo bila kununua au kusikia habari. Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa anakunja khanga.

"Afande Bernadina! Umestaafu lakini sura yako bado inaniogopesha. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, dada. Nataka kuona nakala ya risiti yako."

Rizwana akavaa miwani, akatazama picha ya simu, akavuta kutoka chini ya meza kitabu cha nakala cha mwaka juzi. Akalamba kidole, akapekua. "Hii hapa. Sisi kwenye nakala tunaandika kila kitu, ile ya mteja tunafupisha. Bafta nyeupe mita tano, mtandio mweupe mmoja. Na kushona hapo hapo kwa fundi wangu."

"Nyeupe?"

"Nyeupe ya eda. Ah, huyu namkumbuka! Kijana mwenye maneno matamu. Alisema mama yake mdogo yuko edani, mshonee haraka, leo ni arobaini ya baba mdogo, tunawahi. Nikamwambia, mwanangu, nguo ya eda inavaliwa tangu siku mtu anayofiwa. Siku arobaini mjane alikuwa anavaa nini, vitenge? Akacheka akasema ile ya kwanza imechanika."

"Na mjane mwenyewe ulimwona?"

"Alikaa kibarazani kwa fundi, kajifunika khanga mpaka macho. Nikatoka kumpa pole. Akaniambia, asante dada. Dada! Mimi nimeambiwa ni bibi wa miaka karibu sabini. Sauti ilikuwa ya msichana kabisa. Nikasema moyoni, na mjane anafanya nini Korogwe siku ya arobaini? Lakini wewe unajua biashara. Nikapokea pesa yangu, nikanyamaza."

"Utanyamaza tena mbele ya hakimu?"

Rizwana akaweka khanga chini. "Mume wangu alipofariki niliikaa eda katika chumba hicho hapo nyuma. Mtu akiichezea namna hiyo, sinyamazi. Andika jina langu."

Bernadina alitoka na nakala iliyopigwa fotokopi. Risiti ya Sabiri ilikuwa imefanya kazi nzuri kuliko mashahidi kumi, na alijisikia vizuri kiasi kwamba alinunua vitumbua viwili, akavila amesimama.

*

Ofisi ya Wakili Yordani, kamishna wa viapo aliyeapisha ile hati, ilikuwa mtaa wa pili. Mzee wa miaka sabini na moja, Mlutheri wa milimani Bumbuli, mzee wa kanisa, tai imefungwa mpaka kooni. Wakasalimiana Kishambaa, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo Bernadina akaomba daftari la viapo.

"Daftari langu liko wazi," Mzee Yordani alisema. "Nimeapisha watu miaka thelathini na minane. Hakuna aliyewahi kusema nimeandika uongo."

"Sijasema umeandika uongo, mzee. Naomba usome wewe mwenyewe, kwa sauti. Machi kumi na nne."

Akasoma. "Mashavu, mjane, wa Misima. Ametambulishwa na Sabiri, mtoto wa shemeji yake. Afisa mikopo wa benki yupo. Mdhamini yuko edani, hakufunuliwa uso, kwa heshima ya msiba."

Aliposoma maneno ya mwisho sauti ilipungua.

"Kwa hiyo uso hukuuona," Bernadina alisema.

"Mama Bernadina, wewe unajua. Wenzetu Waislamu wana desturi zao. Mjane wa eda mwanaume baki hamkodolei macho. Nimeishi nao tangu kijana, nimejifunza adabu. Hata alipopiga dole nilitazama dirishani."

"Yule afisa wa benki alisema nini?"

"Alisema, twende haraka mzee, mama amefiwa, tusimchoshe."

Bernadina akaandika hayo neno kwa neno. "Kitambulisho?"

"Walileta nakala. Picha ilikuwa nyeusi, hata ningetazama nisingejua."

"Na dole? Dole lenyewe hukuliona hata kidogo?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na mkweli akiulizwa vizuri hukumbuka. "Dole nililiona, nilipokuwa namsogezea wino. Lilikuwa na hina. Nyekundu, mbichi, mpaka kwenye kiungo. Nikasema moyoni, labda ndiyo desturi yao ya msiba."

Penseli ya Bernadina ikabaki hewani.

"Na harufu, mzee?"

"Umejuaje? Udi! Ofisi nzima ilinukia mpaka jioni. Karani wangu alisema, leo mzee hapa pananukia kama nyumba ya harusi."

Bernadina akacheka, lakini taratibu, maana alimpenda mzee huyu. "Karani wako ana akili. Mzee Yordani, mjane wa eda hapaki hina. Hafukizi udi. Hata mafuta ya harufu hagusi. Hiyo ndiyo eda yenyewe. Waliijua heshima yako, wakaja nayo kama ufunguo. Wamemvika msichana nguo nyeupe iliyoshonwa saa moja kabla, mtaa huo hapo, wakajua hutamfunua. Na siku hiyo, saa hiyo, Bibi Mashavu wa kweli alikuwa Misima katikati ya wanawake ishirini na watatu, wanamsomea mumewe arobaini."

Mzee Yordani akafunga daftari, akalifungua tena.

"Nimewafungulia mlango mimi mwenyewe," alisema. "Unataka nifanye nini?"

"Uandike kiapo. Kila ulichoniambia. Dirisha, hina, udi, na maneno ya afisa."

"Nitaaibika, Mama Bernadina. Umri huu."

"Utaaibika kwa wiki moja, kisha watu watasema mzee alikosea akakiri. Bibi Mashavu akinyang'anywa Jumamosi, hana pa kulala mpaka kufa kwake. Na wewe hukuwahi kuuona uso wake."

Mzee akatazama dirisha lile lile. Halafu akavuta karatasi nyeupe, akafungua kalamu, akaandika mwenyewe kwa mkono, kwa hati nzuri ya shule za misheni. Aliandika kurasa mbili. Alipomaliza alifuta uso kwa leso, akasema amejisikia mwepesi, na Bernadina aliamini kwamba anasema kweli.

*

Jioni ile, ofisini kwake nyuma ya duka, Pinal alisoma daftari lote akiwa amesimama, mgongo ukutani, nyuma yake sauti ya baba yake Vinod akibishana na mteja juu ya bei ya mabati.

"Mama Bernadina. Nimekaa na Bibi Mashavu mara sita. Mara sita!"

"Ulimuuliza tarehe."

"Nilimuuliza tarehe," Pinal alikubali, akajipiga paji la uso. "Lakini huyo msichana wa hina hatumjui jina."

"Tutamtafuta. Kwa sasa hakimu hakutaka jina lake, alitaka alichokifanya, na nani alimleta, na benki ilifanya nini alipofika."

Pinal akakaa kwenye kompyuta. Aya ya tisa ya safari hii ilikuwa na vifungu kuanzia (a) mpaka (h). Kila kifungu kilikuwa na siku, mahali na mtu: duka, kibaraza cha fundi, ofisi ya kiapo, afisa aliyeharakisha, uso usiofunuliwa. Neno "ulaghai" liliandikwa mara moja tu, mwanzoni. Bernadina alihesabu. Alhamisi asubuhi Bibi Mashavu alisomewa hati aya kwa aya, na walipofika kwenye bafta alisema "Astaghfirullah" na kuwaomba wasome tena. Saa sita mchana ilikuwa imepokelewa mahakamani Handeni, chini ya hati ya dharura, viapo vya Rizwana na Mzee Yordani vimeambatanishwa.

*

Ijumaa saa tatu wakili wa benki, Muhsin, alifika kutoka Tanga na suti iliyopigwa pasi na pingamizi lililokuwa tayari limechapwa. Alikuwa ameshinda Jumatatu, alitegemea kushinda tena. Sabiri alikaa nyuma yake, mguu juu ya mguu.

"Umesoma hati mpya?" hakimu alimuuliza.

"Nimepewa asubuhi hii, Mheshimiwa. Naomba dakika tano."

Bernadina akamwangalia anavyosoma. Alipita aya ya kwanza mpaka ya nane haraka haraka. Kwenye ya tisa akapunguza mwendo. Alipofika kifungu (e), cha hina, akarudi kwenye (c), cha nguo nyeupe. Kisha akageuza kiapo cha Mzee Yordani, akakisoma chote, akageuka nyuma akamtazama Sabiri kwa muda. Mguu wa Sabiri ukashuka chini. Ile karatasi ya pingamizi Muhsin aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa," alisema, "kuhusu hati yenyewe sina pingamizi. Naomba muda wa kuijibu. Na kwa nilichokisoma, kuhusu mnada wa kesho, upande wa benki hautabisha."

"Busara," hakimu alisema. Akaandika kwa dakika kadhaa. "Aya ya tisa sasa inajitosheleza. Mnada unazuiliwa mpaka shauri litakaposikilizwa na kuamuliwa. Tangazo liondolewe kwenye ofisi ya kata leo, kabla ya saa kumi."

Pinal alisahau kwamba yuko mahakamani, akamkumbatia Bernadina kwa nguvu mpaka daftari likaanguka. Bibi Mashavu hakumkumbatia mtu. Alinyanyua mikono miwili, akasoma dua fupi, akajipangusa uso.

"Safari hii nimeiombea aya ya tisa," alimwambia Bernadina. "Ile dua ya gunia la mchele naomba nirudishiwe."

Bado ilibaki karatasi moja. Nakala ya amri ilichukuliwa dirishani kwa karani, na mpokeaji alipaswa kuweka alama daftarini. Karani alikuwa na foleni na simu imebanwa kati ya sikio na bega. Akasukuma daftari, akasukuma kidau cha wino, macho yakiwa kwenye karatasi nyingine.

"Mashavu? Piga dole hapo, mama."

Bibi Mashavu akakunja vidole, akaurudisha mkono wake kifuani. Akashusha mtandio mpaka mabegani, mvi zote nje, akasogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Niangalie kwanza, baba."

Karani akashangaa, akaitoa simu sikioni. Akamwangalia, mikunjo, macho, kidevu, kama anavyoangaliwa mtu.

"Nimekuona, bibi," alisema.

"Haya sasa," Bibi Mashavu alisema, akalichovya dole lake kwenye wino, akalibonyeza.